Kidevu kikigonga chini: nini kinafuata kwenye meno ya mtoto

Jino la maziwa likiumia, wazazi wengi hujipa moyo: litang'oka tu, litaota jingine. Litaota kweli, ila hilo jingine tayari limo ndani ya taya, nyuma ya mzizi wa lile lililogongwa. Jino la mbele la kudumu huanza kujijenga mtoto akiwa na miezi 3 au 4, na kichwa cha jino hilo, yaani sehemu inayoonekana mdomoni, hukamilika mtoto akikaribia miaka 4 au 5. Kwa hiyo anayejikwaa kwenye miteremko ya Tukuyu akiwa na mwaka mmoja na nusu yuko hatarini zaidi ya kaka yake wa miaka 6.

Kibaya zaidi ni jino kusukumwa juu likazama kwenye ufizi. Mzazi anaona pengo, anadhani limeng'oka. Litafute chini, kwenye nguo, mdomoni. Lisipoonekana, mtoto apigwe eksirei. Na akiwa anakohoa au anapumua kwa shida, kimbieni hospitali, huenda amelivuta kwenye njia ya hewa. Lililozama usilivute. Mengi hushuka yenyewe kwa miezi kadhaa. Miaka baadaye, la kudumu linaweza kutoka na doa jeupe au la kahawia, vishimo, au limepinda. Mengine hukwama kabisa.

Jino la maziwa lililong'oka halirudishwi, kwani kulirudisha kunaweza kuumiza chipukizi la jino la kudumu lililo juu yake. La kudumu hurudishwa, na upesi. Utalijuaje? Mtoto ana miaka 6 au zaidi, jino ni kubwa, rangi yake imeelekea unjano, na kama ni jipya ukingo wake una vinundu vitatu vidogo. Lishike kichwani, usiguse mzizi wala kuusugua. Lisuuze kwa maji safi kama sekunde 10, lirudishe kwenye tundu likiangalia upande wake, mtoto aume leso safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa fresh ya baridi. Si mtindi: uchachu wake huua seli za mzizi. Likikaa kavu zaidi ya saa moja, matumaini ya kushika vizuri hushuka sana. Anayetoka mbali, kama Makete au Ludewa, alirudishe kabla ya kupanda gari, si baada ya kufika kwa daktari wa meno. Ulizia pia chanjo ya pepopunda.

Kidevu ndicho kinachosahaulika. Mtoto kaanguka na baiskeli au kutoka juu ya mparachichi, kidonda chini ya kidevu kinashonwa, anarudi nyumbani. Kumbe nguvu ya pigo imepanda mpaka kwenye kifundo cha taya, mbele ya sikio, na hapo ndipo taya la chini linapokulia. Mwambie afungue mdomo taratibu, umtazame usoni. Taya likielekea upande mmoja, meno yasipokutana kama zamani, akilalamika maumivu mbele ya sikio, au sikio likitoa damu, shuku kuvunjika. Kipimo cha haraka: vidole vyake vitatu, vikiwa vimepangana wima, viingie kati ya meno ya juu na ya chini.

Kwa watoto, kufunga taya wiki nyingi ni hatari: kifundo kinaweza kushikana na fuvu, mdomo usifunguke, kidevu kikabaki nyuma na meno yakabanana. Ndiyo maana mara nyingi daktari huagiza uji, ndizi za kuponda na mazoezi mapema ya kufungua mdomo. Kitambaa cha kufunga kichwani nyumbani, hapana.

Kuna na jeraha la makusudi: kuwakata ufizi watoto wachanga wenye homa au kuhara ili kutoa “meno ya plastiki”. Kinachotolewa ni chipukizi la chonge la maziwa, na la kudumu lililo karibu yake huharibika. Kuhara kunatibiwa kwa ORS na zinki.

Andika tarehe na jino lililoumia kwenye kadi ya kliniki. La maziwa likigeuka kijivu bila maumivu wala uvimbe, mara nyingi hufuatiliwa tu. Kijipu kikitokea kwenye ufizi, litibiwe au ling'olewe kabla usaha haujafika kwenye chipukizi. Na jino la kudumu la upande mmoja likitoka, ikapita miezi 6 mwenzake hajaonekana, omba eksirei.