Maswali Yenu: Ndege Zilipolala Chini, Nani Alizilisha?

Swali, kutoka Nakuru: Habari mhariri. Mimi nina saluni. Mwaka 2020 wateja walipotea kabisa, nikakaa miezi nikiangalia viti tu, na hakuna mtu wa serikali aliyeniuliza nimekula nini. Lakini mashirika ya ndege duniani yakapewa mabilioni. Si hao ni matajiri? Kwa nini kodi ya mtu kama mimi iende kubeba ndege ambazo hata sijawahi kupanda?

Jibu: Dada yangu, hasira yako naielewa na sikuambii uiache. Najua serikali ilipunguza VAT toka 16 hadi 14 na ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo toka asilimia 3 hadi 1, lakini saluni isiyo na mteja unaipunguzia kodi ya nini sasa, mauzo yenyewe hakuna.

Ila kuhusu ndege, ujue kitu kimoja. Ndege ikilala chini haiachi kula. Kodi ya kukodi ndege inaendelea, bima inaendelea, kuegesha unalipia, mafundi lazima waiguse kila mara isiharibike, na rubani asiporuka kwa muda anapoteza ruhusa ya kurusha mpaka afanyishwe mazoezi upya. Kenya ilisimamisha abiria wa kimataifa tarehe 25 Machi 2020 na wakarudi 1 Agosti, piga hesabu mwenyewe miezi hiyo yote hakuna tiketi na bili ziko palepale.

Kwa hivyo kusaidia sio kosa. Kosa ni kusaidia bila kufunga kamba, yaani bila masharti. Marekani, sheria ya Machi 2020 ilitenga dola bilioni 32 za mishahara, 25 kwa mashirika ya abiria na zingine kwa ya mizigo na wakandarasi wao, na ikaandikwa wazi kwamba hizo ni za mishahara na marupurupu ya wafanyakazi peke yake, hakuna kumfuta mtu wala kumkata mshahara mpaka 30 Septemba, na hakuna kugawia wenye hisa faida. Na kweli ile tarehe ilipopita tu, mashirika ya ndege ya American na United wakapeleka nyumbani watu kama 32,000 mwezi wa Oktoba, wakarudishwa pesa ilipoongezwa mwisho wa mwaka. Unaona? Kamba ndio ilikuwa imeshika kazi za watu, sio huruma ya mabosi. Wajerumani nao waliiwekea Lufthansa, shirika lao la ndege, mpango wa yuro bilioni 9 lakini serikali ikachukua hisa asilimia 20, na ilipoziuza zote mwaka 2022 ikatoka na faida. Hiyo ndio naita kusaidia.

Sasa Kenya Airways. Hapa lazima tuseme ukweli, manake ilikuwa mgonjwa kabla ya korona kuja. Mwaka 2019 ilipata hasara ya karibu shilingi bilioni 13, mwaka 2020 ikafika bilioni 36.2. Serikali ina asilimia 48.9 ya hisa, kwa hivyo dada, hiyo ndege hujapanda lakini ni yako tayari, na mwenye mali ana haki ya kuuliza: hii pesa ni ya dawa ya korona ama ya deni la zamani? Hivyo ni vitu viwili, na mimi naumia sana vikichanganywa kwa bakuli moja, kwa sababu mhudumu wa ndege aliyekatwa mshahara 2020 hakukopa hilo deni.

Swali, kutoka Naivasha: Nilikuwa nakata maua shambani, Machi 2020 tukaanza kuyatupa shimoni tukarudishwa nyumbani. Ndege za abiria zinahusiana nini na waridi?

Jibu: Zinahusiana sana ndugu yangu. Kabla ya korona karibu nusu ya mizigo ya angani duniani ilikuwa inasafiri kwa tumbo la ndege za abiria, chini ya miguu ya watalii. Abiria wakikosa, tumbo nalo halipo, na bei ya nafasi iliyobaki inapanda mpaka mkulima hawezi. Shirika la ndege la Ethiopian waliwahi kung'oa viti wakapakia mizigo, na KQ, yaani Kenya Airways, wakafanya hivyo kwa ndege ya Dreamliner mwaka 2021. Ningekuwa na uwezo, msaada wa kwanza ungeenda hapo, mapema, wakati maua bado yako shambani na wewe bado uko kazini.

Swali, kutoka Hamburg: Safari yangu ya Mombasa ilifutwa 2020, shirika likanipa vocha badala ya pesa. Nilikubali manake niliambiwa ni sheria ya korona. Ilikuwa kweli?

Jibu: Hapana. Sheria ya Ulaya ya haki za abiria haikusimamishwa. Shirika likifuta safari unachagua mwenyewe, na ukitaka pesa zako zinatakiwa kurudi ndani ya siku 7, vocha ni kwa anayeitaka. Kwa hiyo wewe pia ulilikopesha hilo shirika, bila riba na bila kuulizwa. Ikitokea tena usibonyeze popote palipoandikwa kukubali vocha, andika barua pepe useme nataka pesa, na weka nakala ya tiketi na ile meseji ya kufutwa.