Anza na Septimus, si Clarissa

Dada yangu, umeuliza uanzie wapi kutafiti majukumu ya kijinsia na afya ya akili katika riwaya ya Mrs Dalloway ya Virginia Woolf (1925). Mimi ningeanza na Septimus, yule askari. Ametoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa amevurugika akili, na Daktari Holmes anamwambia hana ugonjwa wowote. Kisha anamuuliza: mkewe Mtaliano atawaonaje waume wa Kiingereza? Hapo ndipo penye utafiti wako! Maradhi yanageuzwa kuwa aibu ya mwanamume. Hata Septimus anapojirusha dirishani, Holmes anamwita mwoga. Nasi hapa Kampala tumekua tukiambiwa mwanamume halii, kwa hiyo utaitambua sauti ile mara moja.

Soma pia pole pole pale anapomsaidia Rezia, mkewe, kupamba kofia. Mikono ya askari inachagua maua na utepe, wanacheka, na kwa dakika chache yeye ni mzima. Kwangu hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote.

Clarissa, yaani Bi Dalloway mwenyewe, mfuate baadaye, kwenye karamu yake, anapopata habari ya kifo cha Septimus, mtu asiyemjua, na kujiona anafanana naye.