Presi ya kahawa inavuja na inanuka mafuta: raba imekufa au imechafuka?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina presi ya mkono ya kutengenezea kahawa, ile ya plastiki aina ya AeroPress, ambayo husafiri nayo. Mwanzoni ilikuwa inatoa kahawa safi kabisa. Siku hizi nikishamwaga maji, kahawa inaanza kutiririka kikombeni kabla sijasukuma. Nikisukuma, pistoni inateleza tu, na maji mengine yanapanda juu ya raba. Kahawa yenyewe imekuwa chungu, ina harufu ya mafuta yaliyochacha. Huwa naisuuza kwa maji baada ya kutumia, nairudisha pistoni ndani ya silinda, kisha naitia kwenye begi. Je, raba ndiyo imekwisha? Na vipimo vya kahawa na maji viwe vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, usikimbilie kununua raba mpya kabla hujaosha hiyo uliyonayo. Mambo mawili uliyoyataja mwishoni, kusuuza kwa maji matupu na kurudisha pistoni ndani ya silinda, yanatosha kuleta matatizo yote uliyoyaeleza.

Presi hii, aliyoibuni Mmarekani Alan Adler na kuitambulisha mwaka 2005, haina springi wala sehemu yoyote ya umeme. Kazi yote inafanywa na raba inayobana ukuta wa silinda. Raba ikibana vizuri, hewa iliyo kati yake na maji haina pa kutokea, kwa hiyo ukisukuma pistoni, hewa hiyo inayasukuma maji yapite kwenye kahawa. Raba ikiacha upenyo hata mdogo kama unywele, hewa na maji vinapanda juu. Hicho ndicho unachokiona.

Upenyo huo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni uchafu: mafuta ya kahawa yanashika kwenye ukingo wa raba, vumbi la machicha (mabaki ya kahawa iliyokwisha kutumika) linanata juu yake, na ukingo unakuwa na vijivimbe usivyoviona kwa macho. Ya pili ni raba yenyewe kusinyaa kwa sababu imekaa siku nyingi ikiwa imebanwa ndani ya silinda. Ya kwanza inatibika kwa sabuni. Ya pili haitibiki.

Ili ujue yako ni ipi, anza kwa kuivua raba. Shika ukingo wake kwa vidole, uvute kwa nje huku unazungusha pistoni. Itatoka yenyewe, haihitaji kisu wala bisibisi. Tazama upande wa ndani. Kwa presi ambayo haijavuliwa raba kwa miezi, utakuta pete ya uji mweusi unaoteleza kati ya raba na plastiki, na hapo ndipo inapotoka ile harufu ya mafuta yaliyochacha. Maji ya kusuuzia hayafiki hapo kamwe.

Osha raba, kichwa cha pistoni na ndani ya silinda kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na sponji laini. Usitumie steelwaya wala upande mkwaruzo wa sponji, kwa sababu kila mchubuko kwenye plastiki unageuka mfereji wa kuhifadhi mafuta na kupitisha hewa. Ikiwa harufu bado ipo, weka kijiko kimoja cha mezani cha bekingi soda (ile ya kuokea, si magadi makali ya kutengenezea sabuni) katika nusu lita ya maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, loweka vipande vyote kwa dakika 30, kisha sugua na usuuze mara mbili. Siki na ndimu watu wengi huzitumia kwa kazi hii, na hapo wanakosea: asidi inaondoa chokaa ya maji, yaani ule utando mweupe mkavu, lakini mafuta haiyagusi sana. Kama una chokaa pia, ishughulikie baadaye kwa sehemu moja ya siki na mbili za maji, dakika 15 hadi 20. Usichanganye siki na bekingi soda kwenye bakuli moja. Vitatoa povu zuri la kutazama, lakini kila kimoja kitakuwa kimeua nguvu ya mwenzake.

Usiichemshe presi jikoni kwenye sufuria. Plastiki inayokaa kwenye kitako chenye moto inaweza kupinda, na silinda ikishapoteza uduara wake hakuna raba itakayoifaa.

Baada ya kuosha, rudisha raba na uifanyie jaribio. Fungua kofia ya chujio (kile kifuniko chenye matundu cha chini ya silinda), lowesha raba kwa maji, ingiza pistoni hadi katikati ya silinda, ziba mdomo wa chini kwa kiganja na usukume. Presi nzima itajibu kama pampu ya baiskeli: inakataa, na ukiachia, pistoni inarudi juu kidogo. Sasa ivute juu huku kiganja kimeziba. Utasikia ngozi ya kiganja inanyonywa. Ikifanya yote mawili, raba ni nzima na tatizo lako lilikuwa uchafu. Ikiteleza bila kujibu, au ukiona ukingo umepasuka, umelika upande mmoja, au unanata kama gundi hata baada ya sabuni, hapo ndipo ununue nyingine. Kuipaka mafuta ya kupikia au ya kujipaka ili ibane si suluhisho. Yanachacha na kuingia kwenye kahawa. Maji ndiyo kilainishi pekee kinachohitajika.

Tukija kwenye kahawa kutiririka mapema: matone machache ni kawaida, kwa sababu chini kuna karatasi ya chujio tu. Dawa ni kuweka pistoni mdomoni mwa silinda mara tu unapomaliza kukoroga, kuiingiza kama sentimita 1, kisha kuivuta juu kidogo sana bila kuitoa. Mvuto huo unazuia maji yasishuke. Na hapa utapata jaribio la pili bila kulitafuta: ukiweka pistoni na matone hayasimami, hewa bado inapita kwenye raba. Yakisimama, raba ni nzima, na kama bado unapoteza kahawa nyingi kabla ya kuiweka pistoni, chunguza usagaji na karatasi. Kahawa iliyosagwa kwa chenga kubwa inapitisha maji haraka, na karatasi iliyojikunja upande mmoja inaacha mlango wazi.

Kwa sababu hiyo hiyo, naomba uache kwanza mtindo wa kuigeuza presi juu chini ili isidondoshe, kama umeanza kuutumia. Katika mtindo huo, raba ndiyo inayobeba maji yote ya moto. Raba iliyolegea inaweza kuachia wakati wa kugeuza, na maji ya nyuzi 90 yakamwagika mapajani si jambo dogo.

Vipimo vya kuanzia ni gramu 15 za kahawa kwa mililita 200 za maji. Tumia mzani ukiweza, maana kijiko kimoja cha kahawa iliyokaangwa sana na kijiko hicho hicho cha iliyokaangwa kidogo havina uzito sawa. Utapata kikombe cha kama mililita 170, kwa kuwa kila gramu ya kahawa inabaki na takriban mililita 2 za maji. Saga iwe laini kuliko mchanga, lakini isifikie unga. Ukiisugua kati ya vidole usikie punje zake, kama chumvi laini ya mezani au kubwa kidogo tu.

Joto la maji liwe nyuzi 85 hadi 90, na kwa kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, nyuzi 80 zinafaa. Huna kipimajoto? Chemsha maji, yamimine kwenye kikombe utakachonywea, yakae dakika moja, kisha yamimine kwenye presi. Kila maji yanapohamia chombo cha baridi yanapoteza nyuzi kadhaa, na kikombe nacho kinakuwa kimepata moto. Ukiwa nyanda za juu, kumbuka kwamba maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi, pungufu kwa takriban nyuzi 1 kila mita 300, kwa hiyo muda wa kuyapoza unapungua.

Lowesha karatasi kwenye kofia, kaza kofia, weka presi juu ya kikombe kizito. Glasi nyembamba haifai, inaweza kupasuka unaposukuma. Tia kahawa, tikisa isawazike, mimina maji kwa sekunde 10 hadi 15, koroga mizunguko mitatu au minne, weka pistoni. Ikifika dakika moja na nusu tangu uanze kumimina, sukuma taratibu kwa muda wa sekunde 30. Uzito wa mkono unatosha. Ukiona unalazimika kuegemea kwa kifua, kahawa imesagwa laini mno au una haraka: punguza nguvu, subiri, endelea. Usifungue kofia wakati ndani bado kuna shinikizo. Simama unaposikia mlio wa hewa, ule wa *ssss*. Hewa inayopita baada ya hapo haikuongezei kitu cha maana.

Uchungu ukibaki baada ya usafi, punguza joto kwa nyuzi 5 au saga kubwa kidogo. Kahawa ikiwa chachu na nyepesi, fanya kinyume. Badilisha kitu kimoja kwa kila kikombe, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Ukishamaliza kunywa, au afadhali kabla hujaanza, vuta pistoni juu sentimita moja ili matone ya mwisho yasidondoke, fungua kofia juu ya ndoo ya taka, na usukume kwa nguvu. Machicha yatatoka kama kidonge kimoja kizima. Yakitoka kama uji, hukusukuma hadi mwisho. Endelea kusukuma mpaka raba itokeze nje ya mdomo wa chini, suuza uso wake, futa. Sekunde 20 hazifiki. Mara moja kwa wiki tumia sabuni, na raba ivuliwe. Kofia ya chujio isugue kwa mswaki kutoka upande wa ndani, kisha itazame kwenye mwanga: tundu lililoziba linaonekana papo hapo. Karatasi inaweza kutumika tena mara chache ukiisuuza na kuikausha ikiwa imenyooka. Kama unatumia chujio la chuma, ongeza usafi, kwa sababu linapitisha mafuta mengi ambayo karatasi ingeyazuia.

Kwenye begi, pistoni iwe nje ya silinda kabisa, au iwe imepitishwa hadi raba itokeze chini bila kubanwa na chochote, na hilo haliwezekani kofia ikiwa imefungwa. Ifungashe ikiwa kavu. Na ukilazimika kununua raba, taja modeli kamili ya presi yako dukani, maana vipenyo vinatofautiana. Ivalishe ikiwa imeloweshwa, uibonyeze kuzunguka mpaka ikae sawa pande zote, kisha rudia jaribio la kiganja kabla ya kumimina maji ya moto.