Nimerudisha folda yote, mbona majedwali hayafunguki?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Natengeneza mfumo wa duka kwa PHP kwenye XAMPP, kifurushi kinachoendesha PHP na MySQL kwenye laptop. Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, bado sijajifunza, kwa hiyo kila Ijumaa nanakili htdocs (folda ya msimbo) na folda ya kanzidata yangu, mysql\data\duka, kwenye flashi. Laptop ilizingua, fundi akapiga Windows upya, nikarudisha kila kitu. phpMyAdmin inaonyesha majina ya majedwali, ila nikifungua lolote napata kosa namba 1932. Rafiki anasema nifute ibdata1. Nifute?

JIBU: Marahaba. Usifute kitu. Zima MySQL kwanza, kisha nakili flashi hiyo mahali pengine kabla hujagusa chochote.

Hukurudisha kila kitu. Ndani ya folda ya duka mna faili za .frm, zenye umbo la jedwali, na za .ibd, zenye data. Lakini InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi majedwali yako, ina rejista yake, nayo ni hiyo ibdata1, iliyo nje ya folda yako, ndani ya data. Majedwali yako ni kama mwanafunzi aliyekaa darasani huku jina lake halimo kwenye rejista ya shule: anaonekana, ila hatambuliki.

Ushauri wa "nakili tu folda" ni wa enzi za MyISAM, injini ya zamani ya MySQL, na enzi hizo ulifanya kazi kweli. Tangu MySQL 5.5, mwaka 2010, InnoDB ndiyo chaguo-msingi, na bado watu wanaurudia kwenye video kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kama folda nzima ya data ya zamani ipo popote, irudishe yote, pamoja na ibdata1 na faili za ib_logfile, kwenye XAMPP ya toleo lilelile. Kama haipo, tengeneza kanzidata yenye jina jingine, unda kila jedwali kwa umbo lilelile, toa amri ya ALTER TABLE … DISCARD TABLESPACE, weka .ibd yako kwenye folda ya kanzidata hiyo mpya, kisha toa ALTER TABLE … IMPORT TABLESPACE. Jedwali moja moja. Inachosha, lakini data hurudi mara nyingi.

Sasa huyo rafiki. Kufuta ibdata1 ndiyo "dawa" ninayoichukia kuliko zote. MySQL inawaka, XAMPP inaonyesha kijani, fundi anachukua hela yake anaondoka, na rejista ya kanzidata zote za mashine imekwenda. Ndugu wa hao wanaofuta ibdata1 ni wanaounganisha folda ya data na Google Drive huku MySQL inafanya kazi: faili zinanakiliwa zikiwa katikati ya kuandikwa, na ukifuta kitu kwa bahati mbaya, huko nako kinafutika.

Git ukijifunza itakulindia msimbo, lakini data iliyo ndani ya MySQL haitaigusa. Hiyo itoe kwa Export ya phpMyAdmin au amri ya mysqldump, upate faili ya .sql. Halafu iingize kwenye kanzidata ya majaribio na uhesabu mauzo yaliyomo. Faili ambayo hujawahi kuirudisha mimi siiiti bekapu. Na flashi yenyewe isilale kwenye begi moja na laptop.