Re: Diski ya Japani inagoma kwenye PS2 ya Ulaya

Mkuu, PS2 (PlayStation 2) yako ya Ulaya kukataa hiyo diski ya Japani sio ubovu, wala usihangaike kusafisha lenzi, ile mashine imefungwa kwa kanda, yaani eneo la dunia ilikokusudiwa kuuzwa, inasoma gemu za kanda yake tu. Kama una kompyuta yenye nguvu kidogo weka PCSX2, hiyo emuleta (programu ya kuiga PS2 kwenye kompyuta) haijali diski imetoka wapi, ila BIOS, ile programu ya msingi ya PS2, itoe kwenye mashine yako mwenyewe. Halafu gemu za Japani zinaenda 60Hz (picha inachorwa mara 60 kwa sekunde) wakati za Ulaya nyingi ni 50Hz, yaani utaona zilivyo laini aisee! Menyu za Kijapani ndo zitakusumbua, anza na za ngumi au mbio za magari. Gemu za PSP na Game Boy Advance, zile mashine za kushika mkononi, hazijafungwa hivyo, we chomeka tu ucheze.