Unatafiti ununuzi endelevu? Omba faili la zabuni kwanza

Nilipoanza tasnifu yangu kuhusu ununuzi endelevu, yaani ununuzi unaojali mazingira na wafanyakazi na si bei tu, niliandika hojaji ya maswali 38 na kuwapelekea maofisa manunuzi. Swali la kwanza liliuliza kama ofisi yao huzingatia mazingira na haki za wafanyakazi inapochagua wagavi. Karibu wote walijibu ndiyo, nami nikafurahi. Msimamizi wangu alipitia majedwali kimya, kisha akaniuliza: "Umeshaona zabuni hata moja?"

Sikuwa nimeiona.

Nikaomba kusoma mafaili ya zabuni zilizokwisha kutolewa. Katika moja, ya samani za ofisi, kigezo cha mazingira kilikuwemo kweli: alama 5 kati ya 100. Nikafunua karatasi za kamati ya tathmini. Wazabuni wote wanne walipewa 5. Ushahidi ulioombwa ulikuwa barua ya ukurasa mmoja ya kuahidi kutunza mazingira, na barua tatu kati ya hizo nne zilifanana neno kwa neno. Kigezo ambacho kila mtu anakipata chote hakimchagui yeyote, kwa hiyo bei ndiyo iliyochagua. Nilibadilisha swali la utafiti wiki ileile.

Kwa hiyo nakusihi, usimuulize mtu kama anajali, maana hakuna atakayekujibu hapana. Angalia kigezo kina alama ngapi, kinathibitishwa kwa ushahidi gani, na kama kiliwahi kumwangusha mzabuni. Angalia pia kama gharama zilipigwa kwa bei ya kununulia tu au zilihesabu umeme, matengenezo na utupaji. Na jihadhari na ISO 20400 ya mwaka 2017, kiwango cha kimataifa kuhusu ununuzi endelevu. Ni mwongozo, haitolewi cheti, ila rasimu ngapi nimesoma zikisema kampuni fulani "imethibitishwa" kwayo!

Kisha shuka chini ya mnyororo wa ugavi. Rana Plaza, jengo lenye viwanda vya nguo, ilipoporomoka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, baadhi ya viwanda vilivyokuwemo vilikuwa vimeshapitiwa na wakaguzi wa masharti ya kazi, na zipo kampuni za nje ambazo hazikujua mara moja kama nguo zao zilishonwa humo. Mgavi wa kwanza utamkuta kwenye mkataba. Wa pili na wa tatu, walio nyuma yake, lazima uwaulizie, na huko ndiko kazi hatari hufanyika.

Wagavi wadogo wasikilize bila mnunuzi kuwepo chumbani. Mmoja niliyezungumza naye alinyamaza muda mrefu nilipomuuliza kuhusu maji taka, halafu akatoa ankara kutoka kwenye droo. Mzigo ulikuwa umepokelewa miezi mitano nyuma na malipo hayajafika. Mnunuzi aliyekuwa akimdai mtambo wa kusafisha maji ndiye huyohuyo aliyekuwa amezishika fedha za kuununulia. Tangu hapo, tarehe ya ankara na tarehe ya malipo ni safu mbili ambazo hazikosi kwenye jedwali langu la data.