Orléansville, El Asnam, Chlef: tuandike jina lipi?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Katika mtihani wa majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba Algeria ilikumbwa na matetemeko makubwa ya ardhi katika miji miwili, Orléansville mwaka 1954 na El Asnam mwaka 1980. Nilipofungua ramani nimwoneshe, sikuuona hata mmoja. Nilikuta Chlef tu. Je, tunapoandika kwa Kiswahili tushike jina la mkoloni au la Kiarabu?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako hakukosea miaka, aliuhesabu mji mmoja mara mbili, na lawama ni yetu waandishi tunaotaja majina bila kuyaunganisha. Wafaransa walianzisha Orléansville mwaka 1843 mahali ambapo wenyeji walikuwa wakipaita El Asnam, na jina hilo la wenyeji likarudishwa baada ya uhuru wa 1962. Darasani kwako litaeleweka upesi, kwani asnam ni wingi wa sanam, neno lile lile lililotupa sisi sanamu, na hapo palikuwa na magofu ya Warumi. Baada ya tetemeko la 1980 mji ulibadilishwa jina tena, ukaitwa Chlef kwa kufuata mto wa bonde lile.

Ushauri wangu ni kufuata wakati wa tukio. Ukisimulia mambo ya 1954, andika Orléansville, kwa kuwa ndilo jina lililomo katika magazeti na hati za wakati ule, lakini papo hapo, mara ya kwanza unapolitaja, weka jina la leo kwenye mabano. Ukizungumzia mji wenyewe kama ulivyo sasa, jina la mkoloni halina nafasi, isipokuwa unapoeleza historia yake. Ndivyo tunavyofanya kwetu: Bismarckburg huitaja anayesimulia enzi za Wajerumani, bali anayesafiri leo huenda Kasanga.

Ningependa pia tuache kusema “jina la Kiarabu” kana kwamba kila jina lisilo la Kifaransa ni la Kiarabu. Philippeville, mji mwingine wa Algeria uliopewa jina la Louis-Philippe, mfalme wa Wafaransa, leo unaitwa Skikda, na Skikda limetokana na Rusicade, jina lililokuwapo karne nyingi kabla Waarabu hawajafika Afrika Kaskazini. “Jina la sasa” ni salama zaidi, wala haliwafuti Waamazighi, wenyeji wa Afrika Kaskazini tangu kabla ya Waarabu.

Casablanca, mji wa Morocco, tuiache ilivyo. Kwa Kiarabu ni Ad-Dar al-Bayda, yaani nyumba nyeupe, lakini wakazi wenyewe hutumia majina yote mawili, na wasomaji wetu wanaofuatilia mechi za Wydad na Raja wamelizoea hilo la Casablanca.

Kuhusu tahajia, fuata ile ya ramani za nchi husika: Chlef, wala si Shelifu, ili mwanafunzi akilitafuta alipate.

Kwa hiyo ubaoni ningeandika hivi: “Septemba 1954 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Orléansville (leo Chlef), Oktoba 1980 mji huo huo, ambao wakati huo uliitwa El Asnam, ulibomolewa tena.”